Mbegu ya viazi vitamu Unguja na Pemba: ya mapema au ya muda mrefu, na unaijuaje kabla hujaitia ardhini

Asalam aleikum wenzangu wa shamba. Kila masika ikikaribia na kila vuli ikinukia swali huwa ni lile lile, "mbegu gani nzuri ya viazi?", na majibu ndo hayo hayo, huyu atakwambia kachukue ile nyekundu ya kwa fulani, yule atakwambia ile ya Bara, mwengine katumiwa picha ya kiazi kikubwa kama kichwa cha mtoto basi anaitaka hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja anayekuuliza wewe unataka kuvuna mwezi gani na shamba lako liko juu au bondeni. Mie naona tunaanzia mwisho. Mbegu ya viazi, yaani yale mashina tunayokata tukapanda, inachaguliwa kwa tarehe kwanza, unaweka siku unayotaka viazi viwe sokoni au jikoni, unahesabu miezi kurudi nyuma, hapo ndo unajua unahitaji ya mapema au ya muda mrefu. Rangi na ukubwa baadae.

Kabla sijaendelea, wale wanaoulizia mbegu ya mbatata. Jamani mbatata ziacheni Bara. Mbatata inataka usiku wa baridi ndo itie kiazi, nyuzi joto 15 mpaka 20 hivi ndo inafurahi, na huku kwetu usiku wa kaskazi hata feni haisaidii, kipupwe chenyewe usiku ni kama 22. Utaipanda, itaota vizuri tu, majani utayapenda, ukifukua unakuta vitu kama gololi. Zile mnazoziona soko la Darajani zinapanda boti kutoka Bara, huko Lushoto, Njombe na Mbeya kwenye milima. Tena kuna balaa jengine, ukichukua mbatata ya sokoni iliyochipua ukaifukia shambani unaweza ukaingiza mnyauko bakteria kwenye ardhi yako, na huo ukishaingia unashika tungule, bilingani na pilipili, na kuutoa si kazi ya msimu mmoja. Kwa hiyo kiazi chetu ni kitamu, hapo ndo tuelekeze akili.

Haya sasa miezi. Viazi vitamu kwa ujumla vina makundi matatu, za mapema ambazo miezi mitatu mpaka mitatu na nusu unafukua, za kati miezi minne, na za muda mrefu miezi mitano mpaka sita. Hiyo ni pale mvua ikiwa nzuri na ardhi ikiwa nzuri, ukipata ukame katikati ongeza wiki kadhaa hapo. Na usidanganywe na ganda, watu wanasema nyekundu ndo ya haraka, mara nyeupe ndo inachelewa, rangi ya ganda haikwambii chochote kuhusu miezi. Wala umbo la jani. Kinachokwambia ni aliyeipanda, au wewe mwenyewe ukiijaribu.

Tuhesabu basi. Soko kubwa la viazi huku kwetu ni Ramadhani, hilo halina mjadala, futari bila viazi vya nazi au muhogo au majimbi nyumba haijakamilika. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, 2026 ilikuwa katikati ya Februari, 2027 inategemewa kama tarehe 8 Februari, 2028 mwisho wa Januari, kisha 2030 zitakuja mbili ndani ya mwaka mmoja, moja mwanzoni mwa Januari na nyengine mwishoni mwa Disemba, yote kwa muandamo wa mwezi inshaallah. Sasa chukua hiyo ya 2027. Unataka viazi viwe tayari wiki ya mwisho ya Januari. Ukiwa na mbegu ya miezi mitatu na nusu unapanda katikati ya Oktoba, yaani vuli inaanza na wewe unaanza, sawasawa kabisa. Ukiwa na mbegu ya miezi mitano itabidi upande mwishoni mwa Agosti, na Agosti juu kule ardhi ni kavu, jembe linaruka, labda uwe na bonde lenye unyevu au pampu. Ndo unaona kwa nini kwa miaka hii mbegu ya mapema ndo mbegu ya Ramadhani kwa mtu wa shamba la juu.

Lakini hesabu hii haikai pale pale. Kadri Ramadhani inavyorudi nyuma ndo inavyozidi kuikimbia vuli. Ile ya Januari 2030 hata mbegu ya mapema itabidi iingie ardhini katikati ya Septemba, kabla mvua, na ile ya Disemba mwaka huo huo itabidi mwishoni mwa Agosti. Hapo mwenye bonde ndo atacheka, maana ataweka mbegu ya muda mrefu mwezi wa saba baada ya kutoa mpunga, atainywesha unyevu ule ule uliobaki, na mwezi wa kumi na mbili anafukua viazi vizito wakati mwenzake wa juu anapambana na mdumu wa maji. Kwa hiyo ukiwa unatafuta mbegu sasa hivi usitafute ya mwaka huu tu, anza kuiweka na hiyo ya muda mrefu pembeni, tuta mbili tatu, usiipoteze.

Jengine kuhusu Ramadhani, bei inakaa vizuri kumi la mwanzo. Kumi la mwisho watu akili ishahamia kwenye nguo za Sikukuu. Na viazi vitamu havikai, kwa joto letu ukishafukua una wiki chache tu kabla havijachipua au kuoza, hivyo usijidanganye kwamba utavuna Disemba uweke stoo. Ndo maana tarehe ina nguvu kuliko ukubwa wa kiazi.

Masika ni hadithi nyengine. Masika kila mtu anapanda, mwezi wa tatu na wa nne matuta kila mahala, na wote wanafukua mwezi wa saba na wa nane, unakuta maeneo ya soko la Mwanakwerekwe polo za viazi zimepangana mpaka njiani na mnunuzi anatembea anachagua kama anachagua kanzu. Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza uwe wa mwanzo, mbegu ya mapema iingie na mvua za mwanzo mwezi wa tatu, mwisho wa mwezi wa sita ushatoka. Shida yake masika ikiwa nzito na shamba halipitishi maji viazi vinaoza ardhini, mbegu ya mapema haina muda wa kujitengeneza tena. Ya pili uwe wa mwisho, mbegu ya muda mrefu iliyopandwa mwezi wa tano, inakula maji ya masika na vile vimvua vya mchoo, unafukua mwezi wa kumi soko likiwa limetulia. Shida ya hii ni fukusi, yule mdudu anayetoboa viazi, nitamsema chini. Mie binafsi ningegawa, theluthi moja ya mapema na iliyobaki ya muda mrefu, mana mbegu ya mapema inakupa pesa ya haraka lakini uzito uko kwenye ile inayokaa.

Kwa wa Pemba kuna hesabu ya ziada, karafuu. Nusu ya pili ya mwaka mavuno ya karafuu yakipamba moto vibarua wote wako juu ya mikarafuu na hakuna atakayekuja kukufukulia viazi kwa bei ya kawaida. Kwa upande mwengine pesa iko mitaani na watu wananunua. Ukiwa na watoto wako nyumbani wa kukusaidia panga mavuno yaangukie hapo hapo kwenye karafuu, ukiwa unategemea vibarua vuna kabla. Na Pemba mvua ni nyingi kuliko Unguja, milima na mabonde yamefuatana, kwa hiyo mbegu za muda mrefu zinapata nafasi zaidi huko, tena kwenye miteremko ambapo maji hayakai.

Ardhi yako ni ipi

Wazee wetu ardhi waliigawa vizuri sana na majina yao yanatosha. Kwenye kinongo, ile nyekundu yenye kina, panda unachotaka, ya mapema na ya muda mrefu zote zinakubali, na hapo ndo mahala pa kuweka ile ya muda mrefu mana mizizi inashuka. Kwenye kichanga kiazi kinatoka kizuri, laini ganda, kinafukuliwa kwa mkono, lakini maji yanapita haraka hivyo ya mapema ni salama zaidi, weka samadi iliyooza na majivu, majivu yana potashi na kiazi kinaipenda. Usizidishe mbolea ya kukuzia, unaona zile shamba majani yanafika magotini watu wanapita wanasifia, chini hakuna kitu, hiyo ndo naitrojeni imezidi na yote imekwenda kwenye majani. Kama unafuga ng'ombe au unapenda matembele hiyo ni habari njema, kwa viazi hapana.

Kinamo cha bondeni ni kizito, kinashika maji, masika usiweke kiazi humo kabisa, ngoja mpunga utoke. Baada ya mpunga piga matuta marefu ya juu, kama goti, na hapo mbegu ya kati au ya muda mrefu itafanya kazi. Angalizo moja tu, kinamo kikikauka kinapasuka, na ule ufa ndo mlango wa fukusi.

Uwanda na maweni, kule Kusini na Mashariki ya Unguja na Micheweni ya Pemba, watu wanapanda kwenye vishimo vya udongo katikati ya mawe. Kina hakuna. Chukua mbegu ya mapema inayotia viazi karibu na shina, kwa sababu ile inayotambaza mizizi mbali itakutana na jiwe na kiazi kitatoka kimepinda kama pembe.

Fukusi anavyoingia kwenye uchaguzi wa mbegu

Huyu mdudu mweusi mdogo mwenye pua ndefu kila mtu anamjua, ukikata kiazi unaona vijia vyeusi na harufu kali na ukipika kichungu, hata mbuzi usimpe kile kiazi. Jike linataga kwenye shina chini karibu na udongo na kwenye viazi vinavyochungulia, halichimbi, linapita kwenye nyufa. Sasa fikiria, ardhi inapasuka lini? Wakati wa kiangazi na viazi vikishakuwa vikubwa vinasukuma udongo. Kwa hiyo mbegu ya mapema inamkimbia fukusi, inatoka kabla hajazaliana vizuri, wakati ya muda mrefu inakaa nae ardhini mpaka kavu inaingia.

Hii haina maana ya muda mrefu uiache. Maana yake ukichagua ya muda mrefu tafuta ile ambayo viazi vyake viko chini, vyenye shingo ndefu, si ile inayotoa mgongo juu ya tuta. Unalijua hili kwa kwenda kwa mwenye nayo siku anapofukua, simama uangalie jembe linashuka kiasi gani kabla ya kukutana na kiazi. Kisha ukiipanda upandishie udongo tuta kila ukiona ufa, na usiipande jirani na shamba la viazi la zamani wala pale pale ulipotoa viazi msimu uliopita, weka muhogo hapo au kunde au mahindi.

Na fukusi anasafiri kwenye mbegu. Mayai yako kwenye sehemu ya chini ya shina lililokomaa. Ndo maana mbegu inakatwa ncha, sentimita 25 mpaka 30 kutoka juu, huko hakuna mayai na inaota haraka. Ukiona muuzaji kakuletea mafungu marefu ya mashina manene meupe chini, hayo kata utupe au walishe ng'ombe, uchukue ncha tu, na bei mshushe.

Kinachopendwa kuliwa

Tugawe viazi viwili, kiazi cha unga na kiazi maji. Huku kwetu anayependwa ni wa unga, ukichemsha kinapasuka ganda chenyewe, ukila na chai ya maziwa kinakukaba kidogo. Kwa futari ya nazi wa unga anakunywa tui vizuri, ila asikorogwe, akishaiva anavurugika akawa uji. Wapishi wengine wanapendelea wa kati, anashika umbo, tui linabaki jeupe juu. Kwa hiyo ukipanda kwa ajili ya Ramadhani waulize wanunuzi wako, bi mkubwa anayenunua fungu moja kila siku anajua kuliko mimi na wewe.

Mbegu nyingi za mapema zina maji zaidi, lazima niseme ukweli huo, na ile ya muda mrefu kawaida inakuwa na unga, ingawa zipo za mapema zenye unga na ukiipata shikilia wala usimpe kila mtu, hahaha. Ukifukua ya mapema ikiwa na miezi miwili na nusu kwa tamaa ya bei basi hata ile yenye unga itakuwa maji, ulaumu pupa yako usilaumu mbegu.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, vina faida yake na sitaki watu wavipuuze. Rangi ile ndo inayogeuka vitamini A mwilini, kiazi kimoja kidogo cha kuchemsha cha gramu 125 kinamtosha mtoto chini ya miaka mitano kwa siku nzima. Shida ni watu wazima wanalalamika vina maji, na kweli vingi vina unga mdogo kuliko vyetu vyeupe. Zile mbegu zinazotajwa sana ni Mataya na Kiegea zilizotolewa Bara 2010, na kutoka Uganda Kabode na Ejumula. Ejumula ladha yake nzuri na ina unga kwa kulinganisha na wenzake, lakini ugonjwa wa virusi unaimaliza, ukiipata hakikisha imetoka mahala safi na uitenge. Mie ningesema nyumba yenye watoto wadogo isikose tuta mbili za lishe hata kama sokoni unapeleka vyeupe. Watoto hawana habari ya unga, wanakula kwa rangi.

Usiamini jina

Majina ya mbegu za kienyeji ni mtihani. Mbegu moja Kaskazini inaitwa hivi, ukivuka Kusini ina jina la mtu aliyeileta, ukifika Pemba ina jina la tatu, na wakati mwengine jina moja lina mbegu mbili tafauti. Kwa hiyo ukienda kununua usiseme "nataka mbegu fulani" ukalipa ukaondoka. Uliza. Mazungumzo yawe hivi:

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu."
"Mbegu hii shamba mama, hilo unalokatia, lina muda gani?"
"Miezi miwili na nusu."
"Ulipanda ardhi gani, na msimu uliopita ulifukua baada ya muda gani?"
"Kichanga hichi hichi, niliingiza na masika nikafukua kabla ya miezi mine."
"Naomba basi nifukue shina moja nikione, nitakulipa."

Hilo la mwisho ndo lenyewe. Mzee muungwana atakuruhusu, akikataa kabisa bila sababu tafuta pengine. Shina moja linakwambia vingi, viazi vingapi, vimekaa kina gani, ganda limetobolewa au zima. Na ukishakifukua kikate katikati kwa kisu uangalie utomvu. Utomvu ukikauka pale pale ukabaki mweupe kiazi kimekomaa, ukigeuka kijani cheusi bado kichanga. Sasa kama anakwambia mbegu ya miezi mitatu na shamba lina miezi mitatu na wiki na utomvu unageuka mweusi, basi hiyo si ya miezi mitatu.

Kisha inuka uangalie majani ya shamba zima, si fungu alilokukatia. Ugonjwa wa virusi ndo unaoua mavuno kimya kimya, unatokea virusi viwili vikikutana kwenye shina moja, kimoja kinaletwa na vidukari na kimoja na inzi weupe. Shina linadumaa, majani yanakuwa madogo, membamba, yamejikunja, yana rangi ya manjano iliyofifia au zambarau. Shina lililoshikwa vizuri linaweza lisikupe hata kiazi kimoja cha maana. Na hakuna dawa ya kupiga, ukikata mbegu hapo umekata na ugonjwa. Kuona moja moja si ajabu, mwenye shamba mzuri anayang'oa mashina hayo akayafukia, lakini ukiona shamba limechanganyika wagonjwa na wazima ondoka hata kama mbegu ni ya bure. Hasa ya bure.

Kama unaweza kufika Kizimbani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, au kwa bwana shamba wa wilaya yako uliza mbegu iliyohakikiwa, unapata safi hata kama kidogo, halafu unaizalisha mwenyewe. Na ukileta kutoka Bara au kutoka kisiwa kimoja kwenda chengine ipitishe kwa wakaguzi wa mimea bandarini, usiifiche kwenye pakacha la majimbi, fukusi na virusi havina haya.

Hesabu ya kiasi, kwa haraka

Matuta mita moja kutoka kati hadi kati, shina hadi shina sentimita 30, eka moja inakula mbegu elfu kumi na tatu na kidogo. Robo eka ni kama 3,400. Mwenye eka tatu zake, zile zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, asifikirie kuzijaza zote kwa mbegu ya kununua, gari ya ng'ombe itarudi mara ngapi. Anza na kitalu. Kitalu cha mbegu kinapandwa karibu karibu, sentimita 20 kwa 10, karibu na bomba au kisima, wiki sita mpaka nane unakata ncha, unaacha kinachipua tena unakata tena. Kwa ile ya kupanda katikati ya Oktoba kitalu kiwe ardhini mwisho wa Agosti si baadae. Ukiweza kifunike na chandarua kizima kisichotoboka, inzi weupe na vidukari wasiingie.

Mbegu ukishakata iweke kivulini siku moja au mbili, majani ya chini yatoe, iweke imesimama kwenye gunia lililoloweshwa maji kidogo. Ukiipanda ikiwa imelegea kidogo inatoa mizizi vizuri. Juani kwenye bodi la pikap kutwa nzima ndo usifanye. Fukia theluthi mbili ya shina, vifundo vitatu au vine viwe chini ya udongo, mana viazi vinatoka kwenye vifundo hivyo.

Na hata ukiwa umeuliza maswali yote hayo bado mbegu mpya usiimwage shamba zima. Weka tuta moja lake, pembeni yake tuta la mbegu yako ya zamani, siku moja, samadi ile ile. Ikifika miezi mitatu fukua mashina machache kila upande, kata, angalia utomvu, chemsha, wape wa nyumbani bila kuwaambia kipi ni kipi. Rudia ikifika miezi minne. Yale majibu ndo yako, ya ardhi yako, wala hayafanani na ya jirani aliye upande wa pili wa barabara.

Mwisho ni kuitunza mpaka msimu ujao, na hapa watu wengi wanapoteza mbegu nzuri. Januari na Februari kaskazi inachoma, majani yote juu yanakauka, mvua ikija unaanza kutafuta mbegu kwa watu. Kama una bonde au chini ya migomba penye maji ya kuoga yanapita weka kitalu hapo kidogo tu kisife. Kama huna, chagua viazi vidogo vizima visivyotobolewa vya ile mbegu uliyoikubali, vipange kwenye beseni au ndoo yenye mchanga mkavu uliopoa, mstari wa viazi mstari wa mchanga, weka ndani ya nyumba pasipo panya. Kila baada ya wiki mbili tatu pekua utoe vinavyooza. Wiki sita mpaka nane kabla ya mvua, yaani kwa masika ni mwezi wa kwanza kuelekea wa pili, vipande kwenye kijibustani nyuma ya nyumba umwagilie. Kiazi kimoja kinatoa machipukizi mengi, na mvua ya kwanza ikishuka wewe unakata zako.